"Mwalimu, imekataa kushikana": kutafuta kasoro unapofundisha felti mtandaoni

Saa 4 usiku simu ililia. Mama mmoja wa Tanga, mwanafunzi wangu wa wiki ya pili wa felti (kitambaa kinachotengenezwa kwa kusugua nyuzi za sufu kwa maji na sabuni mpaka zishikane), alikuwa ametuma picha ya beseni na maneno machache: "Mwalimu, nimesugua tangu saa 2, imekataa kushikana." Nikamwuliza maji: ya uvuguvugu. Sabuni: ya mche, imekunwa. Matabaka: manne, yamepishana kama nilivyoelekeza. Kila jibu lilikuwa sahihi. Nikamwomba achukue kishungi kikavu akipulize mbele ya kamera. Akapuliza. Nyuzi zikapaa, zikaelea juu ya meza kama moshi, hazitaki kushuka. Hapo nikajua. Kishungi cha sufu ya kondoo ukikipuliza hutikisika kikabaki pamoja. Ile ilikuwa sufi, ya kujazia mito, iliyotoka kwenye mti wa msufi. Aliomba sufu, muuzaji akampimia sufi, na mimi ndiye niliyetuma orodha ya vifaa bila picha hata moja.

Tungekuwa chumba kimoja, ningegusa mara moja tu nikajua. Shida yote ya kufundisha felti kwa simu iko hapo: hii ni sanaa ya mkono, na mkono haupiti kwenye mtandao. Mwanafunzi anaeleza dalili kwa lugha aliyo nayo, kamera inaonyesha nusu, na mwalimu anabahatisha. Ninafundisha kutoka Nakuru, wanafunzi wangu wako Mombasa, Tanga, Kampala, Bujumbura, Muscat na Leeds, na nimeona kubahatisha kukiharibu kazi nyingi kuliko kasoro zenyewe. Ndiyo maana kwa kila dalili hapa chini nimetafuta kipimo ambacho mwanafunzi anaweza kukifanya mbele ya kamera, jibu likaonekana kwa macho.

"Nasugua, haishikani"

Unywele mmoja wa sufu umefunikwa na magamba madogo yaliyolaliana kama mabati ya paa. Maji ya uvuguvugu na sabuni huyafanya yainuke, msuguano husogeza nywele kuelekea upande wa shina, na zikishapenyezana hazirudi nyuma. Hakuna gundi inayoingia hapo. Kwa hiyo ukiambiwa haishikani, usianze kuuliza amesugua muda gani. Uliza kwanza kama hizo nyuzi zina magamba.

Sufi haina, ni laini, ina nta, maji yenyewe huyakataa. Uzi wa kufumia sweta za watoto, ambao madukani mwetu wauzaji wengi huuita "uzi wa sufu", mara nyingi ni akriliki mtupu. Wanafunzi wa Ulaya wana mtego wao: huko huuzwa sufu halisi iliyotibiwa ili ifuliwe kwa mashine bila kusinyaa. Magamba yake yamepunguzwa kwa klorini au yamefunikwa kwa utomvu wa kiwandani, na hata usugue hadi alfajiri haitageuka felti, kwa sababu imetengenezwa isigeuke.

Halafu kuna suala la kondoo mwenyewe. Mwanafunzi mmoja wa Kajiado alifurahi sana kuniambia hahitaji kununua chochote, kwao wana zizi zima. Alikuwa na kondoo mwekundu wa Kimaasai, na huyo ana nywele, hana sufu ya maana. Kondoo wa Kisomali mwenye kichwa cheusi ni vivyo hivyo. Dorper ana mchanganyiko wa nywele na sufu, na hunyonyoka mwenyewe. Kwa Afrika Mashariki sufu ya kufaa hutoka kwenye nyanda za juu zenye baridi, kama Molo na Kinangop, kwa kondoo wa Corriedale na Merino. Merino ni nyembamba na hushikana haraka. Corriedale inataka subira kidogo lakini hutoa kitambaa kigumu chenye kudumu. Mimi humwanzishia mgeni Corriedale, kwa sababu haimwadhibu akikosea.

Kipimo cha kwanza ni cha kidonge. Mwanafunzi achukue kishungi cha ukubwa wa nusu kiganja, akilowe kwa maji ya sabuni, akizungushe kati ya viganja kama anavyozungusha kashata ya duara, mwanzoni kwa wepesi, kisha kwa nguvu kidogo. Baada ya dakika 5 akionyeshe kwa kamera na kukivuta. Kikibaki kidonge kigumu, nyuzi hazina tatizo. Kikifumuka kama mkia wa mbuzi, usiendelee na somo.

Kikishindwa, tunatafuta sababu kwa moto. Koleo, sahani ya maji chini yake, dirisha wazi, watoto mbali, mtandio umefungwa nyuma. Sufu husita kuwaka, hujikunja, na ukiiondoa kwenye mwali huzima yenyewe. Harufu ni ya nywele zilizoungua, na majivu yake meusi husagika kati ya vidole. Akriliki huyeyuka ikaacha kidonge kigumu kisichosagika. Sufi na pamba huwaka upesi kama karatasi. Ikiwa moto unasema ni sufu na kidonge kinasema haishikani, basi unayo sufu iliyotibiwa au nywele za kondoo asiyefaa. Vyote viwili usivitupe. Vitatumika baadaye kama mapambo ya kushonea juu.

Tangu usiku ule wa Tanga, hakuna anayeingia somo la kwanza kabla sijaona kidonge chake.

"Povu halitoki", au "povu limejaa meza nzima"

Dalili hizi mbili huonekana kinyume, lakini zote ni za maji na sabuni, na hutegemea sana mwanafunzi anaishi wapi.

Anayesema povu halitoki mara nyingi yuko pwani na anatumia maji ya kisima yenye chumvi, au yuko bara na anachota kisima kirefu chenye maji magumu. Sabuni ya mche ikikutana na maji hayo hugeuka utando mweupe kama maziwa yaliyoganda, unaokaa juu ya sufu na kuifanya inate. Mwanafunzi hudhani hajatia sabuni ya kutosha, anaongeza, na utando unazidi. Mwambie achukue chupa safi ya nusu lita, aijaze hadi katikati, atie kipande cha sabuni cha ukubwa wa harage, atikise kwa nguvu mara 20, kisha aiweke mezani ikielekea kamera. Baada ya dakika moja maji mazuri yatakuwa na povu lililosimama. Maji mabaya yataonyesha ukungu wenye vipandevipande. Dawa ni maji ya mvua, na kama hayapo, sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, ambayo haigombani na maji magumu kama ya mche.

Anayezama kwenye povu karibu kila mara ametumia sabuni ya unga ya kufulia. Povu likiwa nene, mikono huteleza juu na nyuzi huelea mbalimbali bila kugusana. Taulo kavu ikandamizwe juu inywe povu, maji safi ya uvuguvugu yaongezwe kidogo, na mtu aendelee. Kazi haijaharibika.

Maji mengi kupita kiasi ndiyo nilichelewa kuyatambua, kwa sababu kwenye video hayaonekani. Yanasikika. Sufu iliyolowa sawasawa haina kelele chini ya kiganja. Iliyojaa maji hutoa mlio wa chubwi-chubwi. Darasani mlio huo nilikuwa nausikia nikiwa mwisho wa chumba. Mtandaoni nilishangaa kwa miezi kwa nini siusikii tena, mpaka nikaelewa kwamba programu za mikutano huchuja kila sauti isiyo ya mtu anayeongea. Kwenye Zoom kuna chaguo la kutuma sauti asilia bila kuchujwa. Mwanafunzi aliwashe, ainamishe simu karibu na meza, asugue kwa nusu dakika. Utasikia.

"Ina matundu"

Matundu hayatokani na kusugua, ingawa huonekana wakati wa kusugua. Yalikuwepo tangu sufu ilipokuwa inatandazwa ikiwa kavu. Mwanafunzi mgeni hushika fungu zito, huvuta kwa mikono iliyo karibu, na sufu hukatika kwa mafundo. Mikono iwe mbali, urefu wa kiganja na nusu kati ya mmoja na mwingine, nyuzi zitoke zenyewe kama zinateleza. Kila tabaka liwe jembamba kiasi cha kuona meza chini yake, na la pili lipishane na la kwanza.

Kipimo hapa ni dirisha. Kabla ya maji, aweke karatasi ngumu chini ya matabaka na nyingine juu, kitambaa chembamba kikiwa kati ya kila karatasi na sufu, ainue pole pole na kuondoa karatasi, kazi ikae kati ya macho na mwanga. Kama anaogopa kuinua, basi apige tu picha kutoka juu kabla ya kila tabaka jipya, na alama ya kidole mahali penye wasiwasi. Mimi pia huwataka wapime uzito. Kipande cha sentimita 30 kwa 30 kwa ajili ya picha ya ukutani, kwangu kinachukua gramu 35 hivi. Mwenye mizani ya jikoni agawe sehemu nne zinazolingana kabla hajaanza. Asiye na mizani agawe kwa macho katika vikombe vinne. Wengi hutandaza nusu ya sufu yote kwenye tabaka la kwanza, na kosa hilo huonekana vikombeni mapema.

Tundu likishaonekana kazi ikiwa imelowa lakini bado haijakazwa, yaani haijaviringishwa mpaka isinyae na kuwa ngumu, linatibika: kishungi chembamba kipite zaidi ya ukingo wa tundu pande zote, maji, na kusugua kwa ncha za vidole. Baada ya kukazwa usidanganye. Hapo ni kiraka cha sindano na uzi, na kiraka kizuri kina heshima yake.

"Imetoka ndogo", na ndugu yake "imepinda"

Hili ni la hesabu, na nimeliona kwa watu wenye shahada zao. Mwanafunzi anataka kipande cha sentimita 20. Nimemwambia felti yake husinyaa asilimia 30. Anachukua 20, anaongeza asilimia 30, anapata 26, anatandaza 26. Felti inasinyaa asilimia 30 ya hizo 26 na kubaki 18.2. Ananiandikia kwamba sufu yangu ni mbaya.

Asilimia hutolewa kwenye kipimo cha mwanzo, si cha mwisho. Ikisinyaa asilimia 30, kinachobaki ni 0.7 ya ulichotandaza. Kwa hiyo gawanya: 20 kwa 0.7 ni 28.6. Ikiwa ni asilimia 40, gawanya kwa 0.6, utapata 33.3. Ninaiandika hesabu hii kwa chaki ubaoni, kamera ikitazama, na kila mwanafunzi hufanya ya kwake kwa sauti. Na hiyo asilimia yenyewe haitoki kwangu. Kila mtu atengeneze kipande cha majaribio cha sentimita 20 kwa 20 kwa sufu yake na mikono yake, akikaze hadi mwisho, apime. Mikono haifanani; mwanafunzi wangu wa Muscat hukaza hadi asilimia 45 bila kuonyesha amechoka.

Kupinda kuna chanzo kimoja kikuu: kazi imeviringishwa upande mmoja tu. Felti husinyaa zaidi kuelekea unakoviringisha. Basi kila baada ya mizunguko 50 ifunguliwe, igeuzwe robo, iviringishwe tena. Weka rula ndani ya picha kila inapofunguliwa. Bila rula, wewe na yeye mtabishana kuhusu pembe mpaka bando liishe.

Kuna wanaoviringisha mapema mno, na hao hupata matuta na mikunjo isiyotoka. Kipimo ni cha kufinya: nyuzi za juu zifinywe kwa kidole gumba na cha shahada, ziinuliwe mbele ya kamera. Zikija peke yake kama unywele, bado ni kusugua kwa kiganja. Kitambaa kizima kikiinuka pamoja nazo, iviringishwe.

"Kitenge kimebanduka"

Hapa ndipo penye utamu wa sanaa ya mchanganyiko, na ndipo penye machozi. Kila mwanafunzi wa kwetu ana sanduku lenye vipande vya kitenge, kanga ya bibi, shanga, kamba ya mkonge, na anataka vyote viingie kwenye felti siku ya kwanza.

Nyuzi za sufu hushika kitambaa kwa kupenya na kutokeza upande wa pili. Mbinu ya kuunganisha sufu na kitambaa namna hiyo huitwa nuno, neno la Kijapani lenye maana ya kitambaa, na ilienea kutoka Australia miaka ya 1990 mwanzoni kupitia kazi ya Polly Stirling. Yeye alitumia hariri nyepesi iliyofumwa kwa uwazi. Kitenge kimefumwa kwa kubanana, na kingi kina rangi nzito na ugumu wa kiwandani. Nyuzi hazina pa kupita. Zinagonga mlango hazifunguliwi.

Kipimo ni pumzi na mwanga: kitambaa kiwekwe mdomoni, kipulizwe. Pumzi ikipita kwa urahisi na taa ikionekana kupitia nyuzi, kitashika. Shashi ya pamba hushika vizuri. Kanga iliyochakaa kwa miaka ya kufuliwa hushika kidogo, hasa mahali ilipokonda. Kitenge kipya hakishiki, na mwambie mwanafunzi hivyo waziwazi kabla hajakikata.

Lakini usimwambie akiache. Afanye mojawapo: akate vipande vyembamba na kupitisha vishungi vya sufu juu yake kama vitanzi, ili sufu ishikane na sufu na kitenge kibanwe katikati, au atengeneze felti kwanza, aikaushe, kisha ashone kitenge juu kwa mkono. Mimi napenda ya pili. Mshono unaonekana, na watu wa pwani waliolelewa wakiona kofia zikishonwa kwa sindano, kijitundu baada ya kijitundu, wana macho ya mshono ambayo si vizuri kuyaficha. Shanga na simbi zisubiri hadi mwisho pia. Zikiingia mapema hupasua felti inaposinyaa.

Wanafunzi wa Uganda huleta lubugo, kitambaa cha gome la mutuba ambacho Baganda wamekipiga kwa vizazi na ambacho UNESCO ilikitangaza kuwa urithi wa binadamu mwaka 2005. Malalamiko yao ni kwamba lubugo inachanika. Inachanika kwa sababu wameilowesha pamoja na sufu na kuisugua kwa nguvu ileile. Ikilowa hulainika sana. Ishonwe ikiwa kavu, kwa mishono mikubwa iliyoachana, mbali kidogo na ukingo. Rangi yake ya udongo mwekundu juu ya sufu nyeupe ya Corriedale ni jambo ambalo sijachoka kulitazama.

Na kanga ikichuja? Nyekundu na nyeusi ndizo huchuja zaidi, na sufu nyeupe hunywa rangi ile kwa furaha. Kabla ya somo, kipande kilowe maji ya moto ya sabuni, kifungwe ndani ya kitambaa cheupe, kikandamizwe kwa dakika 10, kisha kitambaa kionyeshwe kamerani. Kikiwa na doa, kanga ifuliwe mpaka maji yatoke meupe. Wengi wamefundishwa kutia chumvi au siki ili rangi ishike. Siki husaidia rangi za asidi zinazotumika kwenye sufu na hariri. Rangi ya pamba haifungwi nayo.

"Sindano zinavunjika"

Kwa wanaofanya felti kavu ya sindano, ile ya kushikanisha sufu bila maji kwa kuichomachoma na sindano yenye vijino, jibu ni fupi. Sindano huvunjika kwa kupindwa ikiwa ndani. Iingie na kutoka kwa njia ileile, wima au kwa mshazari, bila kuzungusha kiwiko. Namba 36 ni nene, ya kuanzia umbo. 38 ya kazi za kawaida. 40 ya kumalizia uso, na hiyo ndiyo huvunjika kwa wenye haraka. Kamera iwekwe ubavuni, si juu, maana kutoka juu huwezi kuona mshazari wala kupinda. Sponji nene chini. Kidole chenye plasta kikionekana kwenye skrini, simamisha darasa zima na uangalie mikono ya kila mmoja.

"Mwalimu, tunaona weupe tu"

Sufu nyeupe kwenye meza nyeusi: kamera inajitahidi kuing'arisha meza, na sufu inapata mwanga kupita kiasi ikawa wingu lisilo na nyuzi. Sufu nyeupe kwenye kitambaa cheupe nayo hupotea. Tandika karatasi ya kaki. Kisha gusa sufu kwenye skrini ya simu na ushikilie kidole mpaka mwanga na ulengaji vifungwe. Simu nyingi zina uwezo huo, na picha huacha kuhemahema kila mkono unapopita. Taa itoke ubavuni, dirisha la kushoto linatosha, kwa sababu mwanga wa juu huua kivuli cha nyuzi na bila kivuli hakuna anayejua unene. Ukiona mistari ikipanda na kushuka kwenye picha usiku, ni balbu zinazopepesa kufuata umeme wetu wa mizunguko 50 kwa sekunde. Kamera ikiwa na mpangilio wa kasi, weka 1/50 au 1/100.

Simu ikae juu ya bega lako, mikono iingie kutoka chini ya picha kama mwanafunzi anavyoona mikono yake mwenyewe. Usihangaike na kushoto na kulia kugeuka: unachokiona wewe kwenye Zoom kimegeuzwa kama kioo, wao wanaona sawasawa. Nilipoteza somo zima nikifundisha kwa mkono wa kushoto bila sababu.

Picha ikiganda kila dakika, shida huwa ni bando au mnara, na kuongeza ubora wa video ni kuongeza kidonda. Nilichofanya ni kugeuza mpango wote. Maonyesho yangu mimi nayarekodi mapema, vipande vya dakika 3, nayatuma kwenye kundi la WhatsApp siku mbili kabla, kila mtu ayapakue akiwa na mtandao wa bei nafuu. Muda wa pamoja ni wa mimi kuwatazama wao. Hapo mwalimu ndiye mwenye kuhitaji kuona. Hata kikomo cha dakika 40 cha Zoom ya bure kimepata kazi: dakika 40 za kutandaza na kulowesha, mkutano unakatika, watu wanasugua nyumbani kwao na kunywa chai, tunarudi kwa kipimo cha kufinya.

"Ndiyo mwalimu, tumeelewa"

Hii ndiyo dalili niliyochelewa kuliko zote kuiita dalili. Darasa kimya, kamera zimezimwa, kila swali linajibiwa "sawa mwalimu". Wiki inayofuata kazi zinakuja zimefumuka.

Watu wetu wamelelewa kumheshimu mwalimu, na kumwambia "sijaelewa" mbele ya wengine ni kama kumwambia hajui kufundisha. Mtu mzima aliyenizidi umri, ninayemwita mama, hatakubali kuonekana ameshindwa na binti aliye sawa na mwanawe. Vijana nao hawataki kumtangulia. Ukiuliza "mmeelewa?", jibu limeshapangwa tangu darasa la kwanza.

Niliacha kuuliza hivyo. Ninasema: "Mama, naomba unionyeshe mkono wako wa kulia ukiwa unasugua." Ombi la kuonyesha si mtihani, anaweza kulitimiza bila kukiri chochote, nami naona anachobonyeza. Wengine wanazima kamera kwa sababu ya nyumba iliyo nyuma yao, jiko, kitanda, mtoto. Waambie tangu siku ya kwanza kwamba kamera inatazama chini mezani tu, uso hauhitajiki. Nilipotangaza hivyo, kamera zilizokuwa zimezimwa mwezi mzima ziliwashwa. Na maswali ya aibu nayapokea kwa ujumbe wa sauti, faragha, hadi saa 3 usiku, kisha nayajibu kwa kundi zima bila kutaja aliyeuliza.

"Nusu ya darasa haipo"

Angalia ulivyoandika saa. "Saa 2" kwa wa Tanga ni saa 2 usiku. Kwa aliyekulia Leeds akisoma tangazo kwa macho ya Kiingereza ni mchana. Muscat wako saa moja mbele yetu, Bujumbura saa moja nyuma, na Uingereza hubadilisha saa Machi na Oktoba bila kukuaga. Andika "saa 2 usiku, yaani 20:00 za Nairobi", kila mara, hata kama wamezoea.

Kila kipimo kimepita, na bado imefumuka

Hutokea. Kwangu ilitokea kwa mwanafunzi wa Mombasa: kidonge kizuri, chupa nzuri, picha za dirisha nzuri, rula ndani ya kila picha. Felti yake ilikuwa nzuri kwa nje na ikikunjwa inalia kama mkate mkavu, siku ya tatu inaachana katikati. Tulijaribu mara tatu. Mwishowe nikamwomba aifunge kwenye gazeti na kuituma kwa basi la usiku.

Nikaichukua stendi asubuhi, nikaiweka mezani, nikawasha kamera wote wakiwepo, nikaikata katikati kwa mkasi mkubwa. Ndani kulikuwa na matabaka mawili ya katikati yaliyokauka, meupe, malaini kama yalivyotoka kwenye mfuko. Unaweza kuyachomoa kwa kidole. Ya juu na ya chini yalikuwa yameshikana kama ngozi. Maji hayakufika ndani kamwe. Alikuwa akinyunyiza kwa chupa ya kupulizia, kwa uangalifu, kama mtu anayepiga pasi, kwa sababu katika video yangu mimi hunyunyiza hivyo, na kamera haikuonyesha kwamba baada ya kunyunyiza ninakandamiza kwa viganja viwili mpaka hewa itoke na sufu ilale.

Nimerekodi upya kipande kile. Sasa mwanafunzi humimina maji kwa kikombe kilichopimwa, hukandamiza kupitia neti ya pazia kuanzia katikati kwenda kingoni, kisha huinua pembe moja mbele ya kamera na kunionyesha upande wa chini ukiwa umelowa.